Gauni la Pili Ukumbini: Namna ya Kubadilisha Nguo Usiku wa Harusi Bila Kuchelewesha Sherehe

Bibi harusi akienda kubadilisha nguo akakaa huko saa nzima, mara nyingi tatizo halikuanzia kwenye chumba cha kubadilishia. Lilianzia kwa fundi. Gauni lilichaguliwa kwa picha, likashonwa lifanane na picha, na hakuna aliyeuliza linaingiaje mwilini. Gauni lenye vifungo 28 vya vitanzi mgongoni litakula muda wa vifungo 28 hata wasaidizi wawe hodari namna gani.

Kwa hiyo maelezo haya yanaanza wiki nyingi kabla ya usiku wenyewe. Yameandikwa kwa ajili ya harusi za Mbeya, Iringa, Njombe na maeneo ya jirani, ambako baridi na matope vina sauti kubwa kuliko mitindo.

Una dakika ngapi?

Kabla ya kununua kitambaa, kaa na mwenyekiti wa kamati pamoja na MC, mpitie ratiba. Kumbi nyingi huzima muziki saa 6 usiku, na maharusi waliopangiwa kuingia saa 1 huingia saa 2. Zinabaki saa 4 za utambulisho, keki, shampeni, chakula, zawadi, neno la shukrani na kucheza. Humo ndimo unapotafuta dakika 25, na mahali pake pazuri kuliko pote ni pale wageni wanapokwenda kuchukua chakula. Wageni 250 wakipita kwenye mistari miwili, kila mmoja akitumia sekunde 20 mbele ya meza ya chakula, wanamalizika kwa dakika 40 na zaidi. Ukitoka mstari unapoanza, utarudi wengine wakiwa bado wanakula, na hakuna atakayehisi pengo.

Keki, shampeni, na picha za wazazi na wasimamizi zimalizike kabla, ukiwa na shela, yaani gauni la kwanza, lile jeupe la kanisani. Zawadi zije baadaye, ukiwa na gauni la pili. Mpangilio huu una sababu. Zawadi za ndugu zetu haziji kwenye bahasha peke yake. Wanakuja wakicheza, wanakufunga kitenge, wanakutandika khanga mabegani, wanaweka shuka, wanaweka blanketi juu ya vyote. Shela lenye mkia mrefu litakanyagwa mara kumi katika dakika kumi. Gauni la pili lililoshonwa kwa kazi hiyo litavumilia. Ndiyo maana tunashauri mabega ya gauni la pili yawe laini: yasiwe na mawe yaliyoshikwa kwa kucha za chuma, wala maua yaliyosimama, kwa kuwa blanketi la kwanza likivutwa linang'oka nayo. Bwana harusi naye, hasa Iringa, anaweza kuvishwa mgolole, lile shuka la kujitanda, juu ya koti. Asivae ua kubwa la kifuani lililobanwa kwa pini iliyo wazi.

Usibadilishe kati ya utambulisho na keki. Wakati huo ukumbi mzima unakutazama, na MC hana cha kuwapa watu zaidi ya maneno. Usibadilishe saa 5 na nusu pia: utavaa gauni la laki kadhaa kwa nusu saa.

Ratiba ikibana kabisa, achana na gauni la pili, shona sketi ya juu inayovuliwa. Hii ni shela nyembamba iliyokamilika yenyewe, halafu juu yake inafungwa sketi pana yenye mkia. Kanisani unaivaa, ukumbini unaivua, na kazi nzima ni ya dakika 3. Fundi aishone kwenye mkanda wa kiunoni wenye upana wa sentimita 4 au 5, mkanda ufungwe kwa kulabu kubwa 4, za chuma, za aina ya suruali. Kulabu ndogo za sidiria hufunguka, kwa sababu sketi ya neti na satini yenye mkia inaweza kufika kilo 2 na uzito wote unavuta nyuma. Ndani ya mkanda aweke vitanzi 4 vinavyoshikana na vifungo vidogo vilivyoshonwa kwenye kiuno cha gauni. Bila hivyo sketi huzunguka, na mkia unajikuta ubavuni katikati ya kanisa.

Gauni linaloingia kwa miguu

Kama dakika 25 zipo, chagua gauni la pili ambalo unaliingia kwa miguu, kutokea chini kwenda juu. Gauni la kupitisha kichwani linagusa nywele, kope, poda na rangi ya mdomo, na kitu kimoja kikiharibika unarudi kwa mpambaji kwa dakika 15 ambazo huna. Ili uingie kwa miguu, mfunguo wa mgongoni lazima ushuke hadi sentimita 5 chini ya sehemu pana ya makalio. Mafundi wengi huishia kiunoni kwa sababu ndivyo walivyozoea magauni ya kawaida. Mwambie mapema, na umwonyeshe kwa kidole.

Mfunguo wenyewe uwe zipu. Kamba za mgongoni zinapendeza, na zinasaidia mwili unapopungua au kuongezeka, lakini kuzikaza vizuri kuanzia juu hadi chini ni dakika 6 hadi 10. Ziachie shela, ambalo unavalishwa asubuhi bila haraka. Ukitaka sana vifungo vya vitanzi, vishonwe kama pambo juu ya zipu iliyofichwa. Zipu nayo isiwe ile nyembamba ya kufichika kwenye kitambaa kizito kama velveti: hupasukia kiunoni, pale mishono inapokutana na kitambaa kuwa tabaka nne. Zipu ya kawaida ya meno ya nailoni, pana kidogo, pamoja na kulabu moja juu yake, ndiyo inayofika saa 6 usiku.

Nguo za ndani zichaguliwe mara moja kwa magauni yote mawili. Sidiria isiyo na kamba, yenye mifupa ya pembeni na rangi inayokaribiana na ngozi yako. Nyeupe huonekana chini ya leisi. Kama unavaa nguo ya kubana tumbo, ivaliwe chini ya yote mawili. Kuivua na kuivaa upya mwili ukiwa na jasho ni mapambano ya dakika 7.

Viatu vije kwa fundi siku ya kupima. Tunalirudia hili kila mara kwa sababu ndilo linalosahaulika zaidi: kisigino kikipungua kwa sentimita 4, pindo la mbele linashuka kwa sentimita 4, na gauni lililokuwa linapendeza kwenye kioo linakuwa la kukanyagwa. Shela liishie sentimita 2 juu ya sakafu ukiwa umevaa viatu vyake. Gauni la pili, ambalo ni la kucheza na kupokea zawadi, liishie sentimita 4 hadi 5 juu ya sakafu, au kwenye kifundo cha mguu. Viatu vya pili viwe vipana kidogo kuliko vya kwanza, hata nusu saizi, kwa kuwa miguu iliyosimama tangu kanisani inavimba.

Pima mara mbili: wiki 3 kabla, na wiki 1 kabla. Mwili wa bibi harusi hautulii. Wengine hupungua kwa mawazo, wengine huongezeka kwa kukaa ndani na kulishwa vizuri. Fundi aache sentimita 3 za akiba kila upande ndani ya mshono wa ubavuni.

Kitenge kikiwa ndicho gauni la pili, na kwa maoni yetu ndicho kinachopendeza zaidi kwenye muziki wa zawadi, nunua chako na cha bwana harusi siku moja, kwenye robota moja. Vitenge vinavyouzwa soko la Mwanjelwa, Mbeya, au vinavyoletwa kutoka mpakani Tunduma vinaweza kuwa na maua yaleyale lakini rangi ikatofautiana kidogo, na taa za ukumbini zinaonyesha tofauti hiyo wazi. Kipande cha yadi 6 kinatosha gauni refu lenye sketi pana pamoja na kilemba; shati la bwana harusi litataka yadi 3 nyingine. Kitenge cha pamba kiloweke kwenye maji baridi na ukianike kabla fundi hajakata, maana kinasinyaa. Kilemba kishonwe tayari cha kuvaa kama kofia. Kukifunga upya mbele ya kioo huku watu wakigonga mlango hakuendi vizuri.

Baridi

Jiji la Mbeya liko karibu meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Njombe uko juu zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati mavuno yametoka na harusi ni nyingi, usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Makete baridi ni kali zaidi. Halafu tunamvalisha bibi harusi gauni la pili lisilo na mikono, ndani ya ukumbi wa sakafu ya saruji wenye milango miwili iliyo wazi, wageni wakiwa wamevaa masweta. Ngozi inasimama vipele, mabega yanajikunja, na kwenye picha anaonekana mtu anayetamani kwenda nyumbani.

Tatua kwa kitambaa. Velveti, krepu nzito, au kitenge chenye bitana ya pamba vinashika joto kuliko satini na chifoni. Mikono mirefu ya leisi ikiwekewa bitana nyembamba ya rangi ya ngozi haionekani kuwa na kitu ndani. Kama moyo wako uko kwenye gauni la mabega wazi, shonea kikoti kifupi kinachoishia juu ya kiuno, cha rangi ileile, uvae wakati wa kuingia na kukaa, uvue wakati wa kucheza. Taiti ya joto ya rangi ya ngozi inavaliwa chini ya gauni refu bila mtu kujua. Ivae tangu asubuhi, chini ya shela.

Ubaridi mkavu wa Julai una usumbufu mwingine: bitana ya nailoni inanata kwenye taiti na gauni linapanda miguuni kila unapopiga hatua. Ni umeme wa msuguano. Paka mafuta ya maji miguuni kabla ya taiti, na msaidizi apitishe henga ya chuma ndani ya gauni, kati ya bitana na mguu, juu hadi chini mara moja au mbili. Litaachia. Dawa ya kudumu ni kumwomba fundi atumie bitana ya pamba.

Na hili tunaliandika kwa uzito wake wote. Usiku wa baridi, mtu mwenye nia njema huleta jiko la mkaa ndani ya chumba cha kubadilishia na kufunga mlango ili bibi harusi apate joto. Usikubali. Mkaa unaowaka kwenye chumba kisicho na hewa hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na watu huanza kuumwa kichwa, kulegea, hatimaye kuzimia na kufa bila kuelewa kinachowapata. Juu ya hilo, neti ya shela mara nyingi ni nailoni. Cheche moja inaiyeyusha na kuibandika kwenye ngozi. Chupa 2 za plastiki ngumu zenye maji ya moto, zikizungushiwa taulo, moja miguuni na moja mapajani wakati umekaa, zinatosha. Hita ya umeme iwe zaidi ya meta moja kutoka kwenye nguo yoyote, na izimwe kabla shela halijavuliwa.

Chumba na watu

Nenda ukumbini wiki moja kabla, na uende usiku. Mchana kila chumba kina mwanga. Unatafuta mlango unaofungwa kwa ndani, taa inayowaka, soketi, sehemu ya kutundika kitu cha kilo 6, na umbali hadi choo. Kumbi nyingi hukupa kachumba kaliko nyuma ya jukwaa ambako makreti ya soda yanahifadhiwa. Hakana ubaya kakifagiliwa na makreti yakasogezwa asubuhi, si wakati ule. Kioo kirefu ukije nacho. Umeme unaweza kukatika, kwa hiyo taa ya kuchaji iwe imejaa tangu mchana. Tochi ya simu inamnyima mtu mmoja mkono.

Kama hakuna chumba, chukua gesti ya karibu kabisa, ambayo mnaweza kufika kwa miguu au kwa gari ndani ya dakika 3. Usipange kurudi nyumbani. Mbeya, barabara kuu kutoka Uyole hadi Mbalizi inabeba malori ya Tunduma usiku na mchana, na foleni yake haijui kama kuna harusi. Iringa nako, ukumbi ukiwa mjini juu na chumba kikawa Ipogolo bondeni, kupanda na kushuka kile kilima kunamaliza dakika zako zote.

Ndani waingie watu wawili tu: matroni na mtu mmoja anayejua gauni lilivyoshonwa, ambaye anaweza kuwa fundi mwenyewe au dada wa saluni. Wa tatu asimame mlangoni. Huyu wa mlangoni ana kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu watakaogonga ni mashangazi, mama wadogo na mawifi, ambao hawafukuzwi. Achaguliwe mwenye heshima na sauti ya upole, na maneno yake yawe tayari: "Shikamoo shangazi. Bibi harusi anavaa, tunaomba dakika kumi. Akimaliza tutakuita wewe kwanza." Kisha amwite kweli. Mpiga picha anasubiri nje mpaka zipu ifungwe. Liwe limeandikwa kwenye makubaliano naye, lisiachwe kwenye hisani.

Bwana harusi anabadilisha kwingine pamoja na msimamizi wake. Yeye anahitaji dakika 7. Akiingia chumba kimoja na wewe, watu watatu wanageuka watano.

Mkoba wa chumbani

Mkoba huu unafungwa siku mbili kabla, na matroni ndiye anayekaa nao. Shuka jeupe la kutandika sakafuni, kubwa, ili shela lishukie juu yake. Khanga 2. Taulo ndogo 2. Pini za kufungia nepi, 10 kubwa na 10 ndogo. Sindano 3 zilizotungwa uzi tayari: mweupe, wa rangi ya gauni la pili, na mweusi, hakuna anayeweza kutunga uzi kwa haraka kwenye mwanga hafifu. Mkasi mdogo. Kipande cha mshumaa. Pini za nywele 20. Gundi ya kope. Poda, rangi ya mdomo ileile ya asubuhi, tishu. Mafuta ya mgando kidogo kwa midomo iliyopasuka kwa baridi. Pedi. Dawa ya kichwa. Maji ya kunywa na mrija, kwa kuwa mrija hauondoi rangi ya mdomo. Kandambili. Mfuko wa zipu wa kuwekea hereni na mkufu uliovuliwa. Henga 2 imara, si zile za waya mwembamba zinazopinda chini ya uzito wa shela.

Dakika 25

MC anatangaza chakula, DJ anaweka muziki wa taratibu, na wewe unatoka na matroni tu. Msindikizwe na kundi mnaporudi.

Choo kwanza. Hata kama huhitaji, nenda, matroni akishika shela kwa nyuma likiwa limekunjwa na kuinuliwa hadi kiunoni. Gauni la pili linalobana mapajani halitakuruhusu kirahisi baadaye. Osha mikono, ukaushe kabisa.

Chumbani, vitu vinavyokwaruza vinatoka kabla ya nguo: mkufu, hereni, bangili, halafu veli na taji. Veli ikifungwa asubuhi, matroni ahesabu pini zilizoingia, na usiku ahesabu zinazotoka. Pini moja iliyobaki kichwani inatosha kuleta maumivu ya kichwa kwa saa 3 na hakuna anayejua yanatoka wapi.

Kamba za shela zilegezwe kuanzia katikati ya mgongo kwenda juu na chini, bila kuzichomoa kwenye matundu. Zikilegea vya kutosha, shela linashushwa lote hadi sakafuni juu ya shuka, pamoja na sketi ya ndani yenye waya, nawe unaweka mikono mabegani kwa msaidizi na kutoka nje hatua mbili. Usilivue kwa kulipitisha kichwani hata kama linaonekana kupita. Msaidizi wa pili analitundika hapohapo, kwa vitanzi vya utepe vilivyoshonwa ndani kiunoni. Kulitundika kwa mabega ya leisi kunayararua.

Sasa jifunge khanga, kaa chini, weka miguu juu ya ile chupa ya moto, na ule. Tunasisitiza jambo hili kuliko mengi. Bibi harusi wengi hawaweki kitu mdomoni kuanzia chai ya asubuhi, na mezani mbele ya watu 250, akiwa na shela la kukodi, hakuna anayekula vizuri. Kati ya magauni mawili una dakika 5 ambazo hakuna nguo ya kuchafua. Kamati imwambie mpishi mapema atenge sahani moja ndogo ya vitu vikavu: wali wa Kyela, kipande cha kuku bila mchuzi, ndizi mbili za kuchemsha. Beetroot na mchuzi mwekundu visiingie chumbani humo. Ukimaliza, piga mswaki au sukutua.

Wakati unakula, msaidizi anakausha mgongo na kikwapa chako kwa taulo. Dawa ya kikwapa ipakwe hapo, ikauke dakika 2 kabla nguo haijagusa, la sivyo inaacha alama nyeupe kwenye kitambaa cheusi au cha rangi ya divai.

Gauni la pili linafunguliwa hadi mwisho wa zipu na kushikwa na watu wawili karibu na sakafu, limekunjwa kama duara. Unaingia bila viatu. Wapo wanaotaka kuvaa viatu kwanza. Sisi hatushauri, kwa kuwa kisigino chembamba hukamata bitana na kuipasua. Gauni likipanda hadi kifuani, pumua kawaida, usivute tumbo ndani. Ukivuta tumbo zipu itapanda vizuri, kisha ukae mezani ipasuke. Msaidizi mmoja analeta pande mbili za zipu pamoja kwa vidole, mwingine anapandisha. Mtu mmoja akifanya yote mawili ndipo meno yanapoachana. Kulabu ya juu, kisha viatu: wewe umekaa, yeye amepiga magoti.

Kama gauni ni lile la kupitisha kichwani na hakuna namna, funika uso na nywele zote kwa mtandio mwepesi wa chifoni, msaidizi akusanye gauni lote mikononi hadi shingo na pindo vikutane, alipitishe kwa mwendo mmoja. Mtandio unatolewa shingoni baada ya kichwa kutokeza.

Khanga inarudi mabegani kabla ya poda. Kwanza tishu, kwa kugusa na kuachia, kuondoa mafuta na jasho. Poda juu ya jasho hufanya madoa. Nywele usizisuke upya wala kuzichana. Ondoa taji, weka ua au kichanio kimoja, basi. Anayetaka kubadili nywele kabisa, avae wigi lenye lastiki ndani, na nywele zake ziwe zimesukwa mistari lala tangu awali chini ya mtindo wa asubuhi. Wigi la gundi halifai usiku huu. Rangi ya mdomo iwe ya mwisho kabisa.

Halafu jaribu: kaa na usimame, inua mikono yote miwili juu kama unayepokea blanketi, inama kidogo, tembea hatua 5 mbele na 3 nyuma, panda ngazi moja kama ipo. Kitakachoachia kiachie humu ndani. Dakika 2 hizi usiwape wageni.

Matroni anamtumia MC ujumbe mfupi, na msubiri jibu lake kabla ya kufungua mlango. Mara nyingi mstari wa chakula bado upo na inabidi kungoja wimbo mmoja.

Mazoezi ya yote haya yafanywe mara mbili nyumbani, kwa saa ya simu, na watu walewale. La kwanza huzidi dakika 35. La pili hukaribia 25.

Kikiharibika

Zipu ikikataa kupanda, sugua meno yake kwa kipande cha mshumaa. Meno yakiachana chini ya kichwa cha zipu, rudisha kichwa hadi chini kabisa, nyoosha meno, pandisha tena taratibu. Kichwa kikitoka kabisa, usipoteze muda kukirudisha: shonea gauni mwilini, uzi mara mbili, mishono ya sentimita moja kuanzia kiunoni kwenda juu, msaidizi akiweka kiganja chake kati ya sindano na ngozi. Ni kazi ya dakika 6, inashika hadi asubuhi, na nyumbani inafunguliwa kwa mkasi. Pini peke yake mgongoni hazifai, kwa kuwa zinafunguka ndugu wakikukumbatia.

Pindo likiachia, pini ndogo kwa ndani, ikilala sambamba na sakafu ili isikwaruze mguu. Kamba ya bega ikikatika, ishonwe, usiifunge fundo.

Shela baada ya kuvuliwa

Shela lisiachwe limelala kwenye kachumba kale huku ukumbi ukiendelea. Mtu mmoja, anayejulikana kwa jina tangu kikao cha mwisho cha kamati, analikagua, anahesabu vyote vilivyokuja nalo (shela, veli, taji, glavu, sketi ya ndani) na kulipeleka kwenye gari linalofungwa. Liwekwe ndani ya shuka la pamba, lisiingie kwenye mfuko wa nailoni likiwa na unyevu, kwani litatoka na madoa ya ukungu.

Msimu wa mvua, hasa Tukuyu na Njombe, pindo litakuwa na matope. Usiyafute usiku uleule: tope bichi likisuguliwa linaingia ndani ya nyuzi. Litundike, likauke hadi kesho yake, kisha lipigwe brashi laini kwa kwenda chini, na doa linalobaki liguswe kwa kitambaa chenye maji baridi na sabuni ya maji kidogo. Kama ni la kukodi, usijaribu dawa yoyote ya kung'arisha. Lipige picha kama lilivyo, pamoja na ile picha uliyolipiga siku ulipolichukua, na ulirudishe siku mliyokubaliana ukieleza doa liko wapi na limetokana na nini. Mwenye duka akijua ni tope tu, au ni mafuta ya chakula, atajua pa kuanzia kulisafisha.